Mkitangaza uchumi umekua, tuambieni umekua kwa kitu gani

Ndugu Mhariri,

Kila msimu wa bajeti ukiwadia, kichwa cha habari nakijua kabla sijafungua ukurasa. Uchumi umekua kwa asilimia tano, au sita, na mwakani Benki ya Dunia au Shirika la Fedha la Kimataifa linatarajia upande kidogo zaidi. Habari inaishia hapo. Msomaji anaachiwa asilimia yake mkononi, hajui aifanyie nini.

Kuna hesabu ndogo ambayo chumba chochote cha habari kinaweza kuifanya. Katika nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara, idadi ya watu huongezeka kwa asilimia mbili na nusu hadi tatu kwa mwaka. Uchumi ukikua kwa asilimia tano, kinachobaki kwa kila kichwa ni kama asilimia mbili. Kwa mwendo huo, pato la mtu mmoja huchukua takriban miaka 35 kuongezeka maradufu. Lingekua kwa asilimia saba kwa kichwa, miaka kumi ingetosha. Gazetini, mbili na saba zinaonekana zimekaribiana, kumbe kati yake kuna kizazi kizima.

Tena tarakimu yenyewe si msahafu. Novemba 2010, Ghana ilibadilisha mwaka wa msingi wa kukokotolea Pato la Taifa, yaani mwaka ambao bei na sura ya uchumi wake hutumika kama kipimo, kutoka 1993 hadi 2006, na uchumi wake ukaonekana mkubwa zaidi kwa takriban asilimia 60. Waghana walilala maskini, wakaamka mlangoni mwa nchi za kipato cha kati, mifuko ikiwa ile ile ya jana. Aprili 2014 Nigeria nayo ikafanya hivyo, uchumi ukafura kwa asilimia 89 na kuipita Afrika Kusini. Hakuna aliyedanganya. Simu za mkononi, benki na filamu zilikuwa zimekua bila kuhesabiwa ipasavyo. Simon Kuznets, mchumi aliyeongoza kazi ya kukokotoa pato la taifa la Marekani, alilionya Bunge la nchi yake tangu 1934 kwamba ustawi wa watu hausomeki kwenye kipimo hicho. Ni karibu miaka mia sasa, na bado tunakisoma hivyo hivyo.

Itazameni Guinea ya Ikweta. Mafuta yalipoanza kutoka baharini miaka ya 1990, pato lake kwa kila kichwa lilipanda hadi likawa miongoni mwa makubwa kabisa barani Afrika. Mwaka 2017 Umoja wa Mataifa uliitoa kwenye orodha ya nchi zenye maendeleo duni kwa kigezo cha kipato peke yake. Lakini kisima cha mafuta huajiri watu wachache, mitambo yake hununuliwa nje, na sehemu kubwa ya faida huvuka mpaka. Uchumi unaweza kupaa namna hiyo bila raia wa kawaida kujifunza kufanya kitu chochote kipya. Kwangu mimi hapo ndipo penye swali, na ndilo ambalo magazeti hayaulizi: watu wamejifunza kutengeneza nini?

Bangladesh ina jibu. Ilizaliwa vitani mwaka 1971, ikiwa maskini wa kutupwa. Mwaka 1979 kampuni moja ya huko, Desh Garments, ilipeleka wafanyakazi 130 katika kiwanda cha Daewoo nchini Korea Kusini. Walikaa kwa miezi kadhaa wakifundishwa kushona, kusimamia mstari wa cherehani ambako kila mtu ana mshono wake, kukagua ubora na kutafuta soko. Wakorea hawakufanya hisani. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1974 ulikuwa umewawekea ukomo wa nguo wanazoweza kuuza katika nchi tajiri, na Bangladesh ilikuwa bado haijabanwa. Utamu wa kisa unakuja baadaye: katika miaka michache iliyofuata, zaidi ya 100 kati ya wale 130 waliiacha Desh, wakaenda na ujuzi wao kuanzisha viwanda vingine au kuviendesha. Mwenye Desh bila shaka aliumia, ila nchi ilipata walimu.

Serikali nayo ilisaidia kwa mambo mawili yasiyo na mbwembwe, ambayo hayangepata hata safu moja gazetini. Vitambaa vya kushonea nguo za kuuza nje viliingia bila ushuru vikiwa chini ya uangalizi wa forodha, na benki zikakubali oda ya mnunuzi wa nje kama dhamana ya kununulia vitambaa hivyo. Mtu asiye na mtaji mkubwa akaweza kuanza. Leo mavazi ni zaidi ya asilimia 80 ya mauzo ya nje ya Bangladesh, na wanaoyashona ni mamilioni, wengi wao wanawake.

Sisemi ni pepo. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza liliporomoka na kuua zaidi ya watu 1,100. Nyufa zilikuwa zimeonekana siku moja kabla, na wafanyakazi wakaamriwa warudi kwenye cherehani. Vifo hivyo havikuwa bei ya lazima ya maendeleo, kama wasemavyo baadhi ya wachumi wenye viyoyozi. Kukagua nguzo za jengo hakuzuii kiwanda kuuza mashati.

Wala si lazima mtu aanzie kiwandani. Vietnam ilianzia shambani. Mwaka 1988 familia za wakulima zilipewa haki ya kulima mashamba kwa hesabu yao zenyewe badala ya kuyalima kwa ushirika, na mwaka uliofuata nchi iliyokuwa ikiagiza chakula ikawa inauza mchele nje kwa wingi. Viwanda vilifuata baadaye.

Deni pia halionekani kwenye asilimia. Barabara ikijengwa kwa mkopo, saruji na vibarua huhesabiwa kwenye ukuaji wa mwaka ule ule, marejesho yanakuja miaka ya mbele, pengine chini ya waziri mwingine. Zambia ilisifiwa kwa ukuaji wake kwa muda mrefu. Novemba 2020 ikashindwa kulipa riba ya hati fungani zake za nje, yaani hati za mkopo ilizowauzia wawekezaji wa nje.

Kwa hiyo nina ombi. Mwandishi wenu akienda kusikiliza takwimu mpya, aulize ni kiasi gani cha ukuaji kimetoka kwenye uchimbaji, na kiasi gani kwenye ujenzi wa mikopo. Aulize kama mavuno yameongezeka kwa ekari, au ni mashamba tu yamepanuliwa msituni. Kisha aulize ni bidhaa gani nchi inauza nje leo ambayo miaka kumi iliyopita haikujua kuitengeneza. Waziri akikosa jibu, chapeni kwamba amekosa jibu, kwa herufi kubwa zile zile mnazochapia asilimia.

Msomaji wenu