Barua ya wazi kwa mkuu wa vipindi wa NBC: Ijumaa sita

Ndugu Mkuu wa Vipindi,

Salaam kutoka Oakland. Nakuandikia kwa Kiswahili makusudi. Mkalimani hutamkosa, na ukimsubiri utaonja kidogo wanachoonja watu wetu wanaopiga simu ya msaada usiku.

Mwaka 1997 kituo chenu cha televisheni kilionyesha tamthilia ya Crisis Center, kuhusu wafanyakazi wa kituo cha msaada San Francisco. Mji wenyewe una historia hiyo: mwaka 1962 kasisi na mtangazaji Mwingereza, Bernard Mayes, alifungua hapo simu ya watu waliofikia kutaka kujiua, namba akaisambaza kwenye vibiriti vya baa. Tamthilia yenu ilianza Ijumaa ya 28 Februari. Tarehe 4 Aprili ikawa ndiyo kwaheri. Sehemu sita. Hata kunde hazikomai kwa muda huo.

Kellie Martin, aliyekuwa mmoja wa washauri wa kituo hicho, mkamhamishia ER, tamthilia yenu ya hospitali, mwaka 1998 awe Lucy Knight, mwanafunzi wa udaktari. Februari 2000 Lucy akachomwa kisu na mgonjwa wa akili, akafa. Sikatai, kazi ilifanywa vizuri, na mimi nililia kama wengine. Lakini hebu tazama: binti yule yule alipokaa kuwasikiliza wenye shida alipewa Ijumaa sita, alipouawa na mmoja wao, watu wanamkumbuka mpaka leo. Jirani yangu, mwanawe anapotibiwa maradhi kama hayo, anaficha dawa nyuma ya kopo la unga wageni wakija.

Nimejitolea kwenye simu ya msaada kwa miaka minne. Visu sijaviona. Nimeona kimya. Mtu anasema "hujambo", kisha anakaa dakika kumi bila neno, unasikia friji yake ikinguruma na maji yakidondoka mahali. Ukiwahi kuongea, anakata. Na Mswahili akikwambia "nimechoka na dunia", mkalimani akafikisha "amechoka" tu, simu hiyo imeshapotea.

Ombi langu si gumu. Rudisheni kituo kile hewani, msimu mzima. Waandishi wenu waje wakae zamu ya usiku kwanza, wasiandike kitu, wasikilize tu. Wapigaji wawe na lugha zao. California si Kiingereza na Kihispania peke yake. Mwishoni wekeni 988, namba ya Marekani ya msaada kwa wanaofikiria kujiua, iliyoanza Julai 2022, ambayo mwaka 1997 haikuwepo.

Na kile kimya cha friji, tafadhali, msikikatize kwa tangazo la gari.

Wako,
Mjitoleaji wa zamu ya usiku