Mtunza stoo aitwe kabla mfumo haujatengenezwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wakuu wa ofisi na kampuni za hapa Dar es Salaam wanaoagiza mifumo ya kompyuta. Kikao cha kueleza mahitaji ya mfumo hukaliwa na mkurugenzi, mhasibu mkuu na watu wa TEHAMA. Mtunza stoo, atakayeushika mfumo huo kutwa nzima, haitwi. Anauona siku ya mafunzo, fedha zimeshalipwa.

Chukua kazi ya kupokea mzigo. Oda ni katoni 100. Lori linashusha 80, na 5 kati ya hizo zimelowa. Kikaoni ilisemwa tu "mzigo ukifika uingizwe", kwa hiyo skrini ina kitufe kimoja: Imepokelewa. Hakuna pa kuandika 75 nzima, 5 za kurudishwa na 20 zinazodaiwa. Dereva anasubiri saini. Mtunza stoo anabonyeza, kisha anaandika ukweli kwenye kaunta buku. Kuanzia hapo mfumo unasema 100, rafu ina 75, na mhasibu analipia katoni 25 ambazo kampuni haikupata. Aliyeandika programu aliandika alichoambiwa. Mtunza stoo angekuwepo kikaoni, angelitaja hilo mapema kabisa, kwani kwake mzigo pungufu ni jambo la kila wiki.

Kabla ya kusaini hati ya mahitaji, wapeni watengenezaji fomu zenu zote zikiwa zimejazwa, pamoja na kaunta buku yenyewe. Yale yaliyoandikwa pembeni kwa kalamu nyekundu ndiyo mahitaji ambayo kikao kiliyasahau. Skrini zichorwe kwenye karatasi, mtunza stoo apitishe humo hati za wiki iliyopita, moja moja. Inapokwama, penseli inatosha kurekebisha. Programu ikishaandikwa, itabidi kufumua majedwali yanayotunza taarifa na ripoti zake.

Msikubali pia sentensi kama "mfumo uwe wa haraka". Andikeni: watumiaji 15 wakiwa ndani, jina la mteja lipatikane ndani ya sekunde 3. Hilo linapimika, na kazi isipolifikia mna haki ya kutoipokea. Umeme ukikatika katikati ya kuingiza taarifa, je? Nalo liandikwe.

Mpeni mtunza stoo siku mbili kamili, na mtu wa kumshikia stoo. Akiitwa kwa dakika 20 huku lori linashusha, atakubali kila atakachoulizwa.

Mchambuzi wa mifumo,
Sinza, Dar es Salaam