Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Wafumaji, Mbale, Uganda

Ndugu wanachama, mama zangu, dada zangu, na kaka zetu wanne mnaofuma pamoja nasi,

Kama katiba yetu inavyonitaka, nawaletea taarifa ya kazi za chama kuanzia Machi 2024 hadi Februari 2025. Nimeiandika kwa Kiswahili kama ilivyo desturi yetu, maana chama hiki kina Wagisu, Wasabiny, Wateso, Wanubi na Wasoga, na lugha inayotukutanisha ni hii.

Mafunzo

Mafunzo ya Jumamosi yaliendelea na wengi wenu mnayafahamu, kwa hiyo sitakaa hapo. Wanafunzi wapya 9 walijiunga. Walianza na kuweka vitanzi kwenye sindano, wakafuma kitanzi cha mbele, kisha cha nyuma, kisha kufunga kazi. Skafu ya kwanza waliifuma kwa kitanzi cha mbele mstari hadi mstari, kwa sababu ukifuma mstari mmoja mbele na mmoja nyuma kitambaa kinajikunja pembeni na anayeanza hukata tamaa akidhani ameharibu. Baada ya skafu walifuma kofia za watoto wachanga na viatu vyao vya uzi. Watano wamefika kwenye soksi za sindano nne, na kisigino walifundishwa na wanachama wetu wa Kapchorwa, ambao kwa soksi hawana mpinzani. Nawashukuru kwa kuteremka mlima hata miezi ya mvua.

Niwakumbushe tu kwamba spoki ya baiskeli siyo sindano ya sweta. Najua wengi tulijifunzia hapo, nami sidharau, lakini unene wake ni kama milimita 2 na kitambaa chake hutoka kigumu.

Suala la sweta za shule

Sasa nafika kwenye jambo ambalo limesemwa sana sokoni, kwenye boda boda na kwenye kundi letu la WhatsApp, na mara nyingi limesemwa na watu ambao hawakuwepo. Ni uamuzi wa Desemba wa kufumua sweta 23.

Oda ilikuwa ya sweta 60 za shule moja ya msingi, kwa bei ya shilingi 25,000 kila moja, zikabidhiwe kabla ya muhula wa kwanza kufunguliwa. Oda hiyo haikuja yenyewe. Niliifuata kwa nauli yangu, nikakaa kwenye benchi la ofisi ya mwalimu mkuu mpaka akanisikiliza, na sikudai hata shilingi moja kwa mweka hazina. Nasema hivyo kwa sababu wapo wanaosema mwenyekiti hajali jasho la wengine.

Kila mfumaji alipewa uzi wa namba moja ya rangi, yaani uliotiwa rangi pamoja, na karatasi ya maelekezo. Kufikia katikati ya Desemba zilikuwa zimerudi sweta 38. Nilizitandika mezani mbele ya kamati tukazipima kwa futi ya fundi. Sweta 16 zilikuwa pana mno, 7 zilikuwa nyembamba mno. Kipimo kilichotakiwa kilikuwa sentimita 80 kuzunguka kifua, na zilikuwepo zilizokaribia 98. Kwenye baadhi ya hizo, pindo la chini linalopaswa kubana kiuno lilikuwa limepanuka kama sketi.

Chanzo tulikitafuta siku hiyohiyo tukakipata. Karatasi ilisema mwili ufumwe kwa sindano namba 8 na pindo kwa namba 10. Sindano za zamani ambazo wengi wetu tulirithi kwa mama zetu zina namba za Kiingereza, na kwa namba hizo 8 ni milimita 4, na 10 ni milimita 3 na robo. Namba ikipanda, sindano inapungua unene. Lakini baadhi ya sindano mpya zinazouzwa madukani zina namba za Kimarekani, na huko mambo yamegeuzwa: namba 8 ni milimita 5, na namba 10 ni milimita 6. Kwa hiyo wanachama wawili walikaa pamoja, kila mmoja ana sindano namba 8 mkononi, na kazi zao hazikuweza kulingana hata kidogo.

Hesabu yake ni hii, na naomba kila mmoja aifanye nyumbani. Kwa uzi ule na sindano ya milimita 4, tunataka vitanzi 22 katika kila sentimita 10. Kipande cha mbele ni sentimita 40, kwa hiyo ni vitanzi 88. Cha nyuma vivyo hivyo. Ukifuma vitanzi hivyohivyo 88 kwa sindano ya milimita 5 ukapata vitanzi 18 tu katika sentimita 10, kipande kinatoka karibu sentimita 49. Hapo umekula uzi mwingi zaidi, na kitambaa kimelegea. Tena siyo sindano peke yake. Wale saba wa sweta nyembamba walikuwa na sindano sahihi, ila mikono yao inavuta sana uzi: wanatoa vitanzi 24, na vitanzi 88 vinakuwa sentimita 37 hivi.

Wapo wanaosema kosa ni la karatasi, na kwa kuwa karatasi niliitoa mimi, basi mzigo ni wangu. Naomba karatasi isomwe yote. Mstari wa tatu unasema: kabla ya kuanza, fuma kipande cha majaribio, kioshe, kikauke, hesabu vitanzi 22 katika sentimita 10. Aliyefanya hivyo angeona tofauti jioni ya kwanza, awe na sindano ya Kiingereza, ya Kimarekani au ya mbao aliyochongewa na mumewe. Vitanzi vikizidi 22, chukua sindano nene zaidi. Vikipungua, chukua nyembamba zaidi. Nilipouliza kwenye kikao nani alifuma kipande hicho, mikono iliyoinuka ilikuwa ya wenye zile sweta 15 zilizofikia kipimo. Hao hawakubahatisha.

Uamuzi wenyewe sikuutoa peke yangu usiku kitandani, kama inavyosemwa. Kamati ina watu 7. Wanne walikubali kufumua, wawili walikataa, mmoja hakufika. Waliokataa walitaka tupeleke zilivyo, kwamba sweta pana atapewa mtoto mkubwa na nyembamba apewe mdogo. Niliwaheshimu lakini sikuweza kukubali. Shule ilitupa orodha ya vipimo, na mzazi aliyelipa hatuulizi vitanzi vyetu, anaangalia mabega ya mtoto wake. Kule Kapchorwa na vijiji vya juu vya Elgon sweta ndiyo koti la asubuhi. Ikiwa pana upepo unaingia, ikiwa nyembamba mtoto haivai mwaka wa pili. Na jina litakalotajwa ni la chama, halitatajwa la mfumaji.

Uzi haukupotea. Tulifumua kwenye kikao, tukauzungusha kwenye mgongo wa kiti kuwa fungu, tukalifunga sehemu nne lisichanganyikane, tukaloweka kwenye maji ya vuguvugu na kuanika kwenye kamba na uzito mdogo chini ili mikunjo inyooke. Huu ni uzi wa akriliki, siyo sufu. Pasi ya moto ingeuua kabisa, ndiyo maana nilimkatalia aliyekuja na pasi ya mkaa.

Malipo nayo yameleta maneno. Mfumaji hulipwa 10,000 kwa sweta. Waliofumua walidai walipwe 10,000 nyingine kwa kurudia. Kamati iliwapa 5,000, yaani nusu, jumla 115,000, na nadhani hiyo ilikuwa huruma, kwa sababu walionyoosha kazi mara ya kwanza hawakupata nyongeza yoyote. Tulikabidhi sweta zote 60 wiki ya pili ya Februari. Shule ilikata 2,000 kwa kila sweta kwa ajili ya kuchelewa, kwa hiyo tulipoteza 120,000. Naumia kwa hizo fedha kama mnavyoumia. Lakini hakuna sweta hata moja iliyorudishwa, na mwalimu mkuu amesema kwa mdomo wake kwamba atatufikiria tena.

Tangu hapo tumenunua kibao chenye matundu ya vipimo. Kila sindano inayoingia darasani inapitishwa tunduni na kuandikwa milimita zake kwa rangi ya kucha. Namba za 8 na 10 hatuzitumii tena kwenye maelekezo. Na hakuna atakayepewa uzi wa oda kabla hajaleta kipande cha majaribio cha sentimita 15 kwa 15, kilichooshwa, na vitanzi vihesabiwe katikati, siyo pembeni ambako vinavutika. Sheria hii inabaki. Anayeiona kali aniletee nyingine itakayolinda fedha za wote.

Mahudhurio na ada

Chama kina wanachama 54. Vikao vyetu ni Jumamosi ya pili ya kila mwezi, na kwa wastani wamekuja 17. Juni walikuja 9, pamoja na mimi na katibu. Mazishi tunayaelewa, harusi tunazielewa, msimu wa kahawa nao tunauelewa kwa ndugu zetu wa mlimani. Ila kahawa haivunwi miezi kumi na miwili. Wapo ambao sijawaona tangu tulipogawa uzi, na wengine niliwaona siku ya malipo tu. Halafu haohao ndio wa kwanza kuuliza kwenye simu, "Nani aliamua?" Waliamua waliokuja.

Ada ni shilingi 5,000 kwa mwezi, bei ya chai na chapati chache. Kwa mwaka tulipaswa kukusanya 3,240,000. Tumekusanya 1,385,000. Linalodaiwa ni 1,855,000, zaidi ya nusu. Mweka hazina wetu amewapigia watu kwa salio lake mwenyewe, akapewa ahadi za wiki ijayo. Siwezi kuwataja kwa majina hapa, lakini orodha ipo, na katiba inasema mwenye deni la miezi sita hapigi kura. Safari hii tutaifuata.

Hesabu kwa ufupi

Tulianza na salio la 210,000. Mapato: ada 1,385,000, sweta za shule 1,380,000, kofia na soksi zilizouzwa sokoni 412,000, viingilio 90,000, jumla 3,267,000. Matumizi: uzi 690,000, malipo ya wafumaji 715,000, sindano na vifaa 180,000, ukumbi 240,000, usafiri na simu 148,000, chai 96,000, jumla 2,069,000. Salio la sasa ni 1,408,000. Risiti ziko kwa mweka hazina na anayetaka kuziona aende mchana, asimgongee usiku. Wanaotaka salio hili ligawanywe nimewajibu, na nawajibu tena: msimu ujao uzi tutanunua kwa kitu gani?

Matarajio

Wazo la mashine ya kufumia halijafa. Tukijaliwa, na ada zikiingia, tutaangalia bei yake, labda ya mkono kwanza, na tutatafuta mfadhili. Tunatarajia pia kufungua darasa la vijana wakati wa likizo, kupeleka mafunzo kwenye vijiji vingine, na kutafuta soko la mablanketi ya watoto wachanga. Kamati itayafanyia kazi haya kadiri ya uwezo wake.

Uchaguzi wa kamati utafanyika kwenye mkutano mkuu. Mimi bado nina nguvu ya kuendelea kama mtanihitaji. Kila mmoja aje na kitabu chake cha ada na sindano zake zote zipimwe.

Mwenyekiti