Risala ya klabu yetu ya sayansi na haki jinai kwa mheshimiwa hakimu, mgeni wetu rasmi

Mheshimiwa hakimu mgeni wetu rasmi, mwalimu mkuu, patroni wa klabu, walimu wetu, wazazi mliokuja na boda na wale mliotembea kutoka upande wa soko, wanafunzi wenzangu, hamjambo wote, mulembe.

Tunaisoma risala hii kwa Kiswahili sababu hapa Busia, upande wa Uganda, ukitoka tu geti la shule ndio lugha utakayosikia, kwa wabadilisha pesa, kwa madereva wa malori wanaongoja kuvuka, kwa mama muuza omena, na tangu baraza la mawaziri liipitishe kuwa lugha rasmi Julai 2022 tukaona hata fizikia yetu tuiseme hivyo hivyo.

Mheshimiwa, klabu hii ilianzia nyumbani kwetu. Kaka yangu ni fundi wa vioo, anakata vioo vya madirisha na kuviweka, ndio kazi yake tangu amalize S4, yaani kidato cha nne. Usiku mmoja duka moja likavunjwa, kioo cha mbele kikapigwa jiwe, kesho yake asubuhi kaka akachukuliwa sababu alionekana akipita njia ile na shati lake lilikuwa na chenga za kioo. Akakaa ndani siku tano. Katiba yetu ya 1995, ibara ya 23, inasema mtu akikamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 48 kuisha, na mama alikuwa hajui hiyo ibara, alichojua ni kupeleka chai kila asubuhi na kurudi na flaski imejaa vile vile. Mwishowe wakamwachilia bila kesi. Pole hakuna aliyempa. Mimi nikabaki na swali moja nikampelekea mwalimu wetu wa fizikia, hizo chenga za kioo zingeweza kusema zimetoka wapi?

Mwalimu hakunijibu, alileta chupa ya mafuta ya kupikia. Akamimina kwenye bika, akachukua testi-tyubu ya maabara, ile ya kioo cha kuvumilia moto, akaizamisha ikajaa mafuta, na ikapotea. Iko pale, unaigusa na kijiti unaisikia, lakini macho hayaioni. Halafu akazamisha kipande cha kioo cha dirisha, hicho kikabaki kinaonekana kingo zake zote. Sababu ni kwamba mwanga hupinda ukiingia kwenye kitu, na kila kitu kina kipimo chake cha kuupinda, mafuta yako karibu 1.47, testi-tyubu nayo karibu 1.47, kwa hiyo mwanga unapita kama hakuna mpaka kati yao, lakini kioo cha dirisha kiko karibu 1.52 na ndio maana hakijifichi. Maabara za uchunguzi wa jinai zinatumia jambo hilo hilo, wanaweka chenga ndogo kabisa kwenye mafuta maalum chini ya maikroskopu, wanayapasha moto polepole, mafuta yakipata joto kipimo chake kinashuka, na pale chenga inapopotea wanasoma joto na kujua kipimo cha kioo. Kwa chenga ambayo hata kwenye kucha huioni!

Siku ile tulikuwa wanafunzi sita, leo tuko 23. Tulichojifunza zaidi kuliko vyote, na ndicho tunachotaka ukisikie mheshimiwa, ni kwamba kipimo kinaweza kuwa sahihi kabisa na bado mtu akafungwa kwa kosa. Vioo vya madirisha vya nyumba nyingi vyote vinazunguka hapo hapo kwenye 1.52. Kwa hiyo hata chenga za shati la kaka zingepimwa na kulingana na kioo cha duka, hiyo inasema tu zinaweza kuwa zimetoka pale, haisemi zimetoka pale, na kwa mtu ambaye kutwa nzima anakata vioo vya aina hiyo hiyo uzito wake unapungua zaidi. Tulijifunza pia kioo kikipigwa chenga nyingine zinaruka kurudi nyuma kwa aliyepiga, hiyo ni kweli na ni ushahidi mzuri, ila nyingi zinadondoka kutoka kwenye nguo ndani ya saa chache mtu akitembea, hivyo saa ambayo shati lilichukuliwa nayo ni sehemu ya ushahidi. Shati la kaka hakuna aliyeandika lilichukuliwa saa ngapi.

Tukatafuta kama mambo haya yametokea kwingine, tukakuta yametokea hata kwa wenye maabara kubwa. Kule Marekani FBI, shirika la upelelezi la serikali kuu, kwa miaka mingi, tangu miaka ya 1960, walikuwa wanapima risasi, yaani ile ledi yenyewe, metali inayotengenezea risasi, wanaangalia imechanganyika na kiasi gani cha antimoni, aseniki, shaba, fedha na vingine, wakikuta risasi ya kwenye mwili wa marehemu inalingana na zile za nyumbani kwa mshtakiwa basi mtaalamu anaiambia korti zimetoka boksi moja. Kupima kulikuwa sawa, mashine zilikuwa nzuri. Kosa lilikuwa kwenye maneno. Chungu kimoja cha ledi iliyoyeyushwa kinaweza kutoa mamilioni ya risasi zinazofanana, zikatawanywa kwenye maboksi na maduka kote. Ni kama useme posho, yaani ugali, ya sahani hii na ya sahani ile zimepikwa jiko moja kwa sababu unga wake ulisagwa mashine moja, na mji mzima unasaga kwenye mashine hiyo. Jopo la wanasayansi likaandika ripoti 2004, na 2005 FBI wakaacha kabisa kipimo hicho, lakini watu walishahukumiwa.

Na kuna habari ya Cameron Todd Willingham wa Texas, hii ilitunyamazisha siku nzima. Nyumba yake iliungua Desemba 1991 wakafa binti zake watatu. Wachunguzi wakataja dalili kadhaa, mojawapo vioo vya madirisha vilivyopasuka mistari midogo midogo kama utando wa buibui, wakasema hiyo inaonyesha moto ulipanda haraka sana, kwamba mtu alimwaga kitu cha kuwasha. Akahukumiwa kifo, akauawa kwa sindano ya sumu Februari 2004, na mpaka siku hiyo alisema hakufanya. Wanasayansi wa moto waliopitia kesi ile wakasema dalili zile hazikuthibitisha kwamba moto uliwashwa na mtu. Sisi tukaenda kujaribu hiyo ya kioo wenyewe. Tukaweka vipande vya kioo cha dirisha juu ya sigiri, makaa yamekolea, tukapuliza sana joto lipande haraka, kioo kikakatika vipande vikubwa tu. Kingine tukakipasha kikawa cha moto sana, mwalimu akanyunyizia maji baridi, papo hapo kikajaa ile mistari ya buibui. Yaani maji. Maji ya wazima moto yanaweza kuandika kwenye kioo kitu ambacho mtu mwingine atakuja kukisoma petroli, na sigiri ya mkaa na kikombe cha maji vilitosha kuonyesha, kwa nini wachunguzi wale hawakujaribu kwanza?

Ndio maana mheshimiwa tunasoma fizikia pamoja na Katiba, hatuzitenganishi. Ibara ya 28 inasema mshtakiwa achukuliwe kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe au akiri mwenyewe. Wazazi wengine walituuliza hii si ya kuwatetea wezi? Hapana wazazi wangu, sisi pia tumeibiwa, boda ya baba wa mwenzetu hapa iliibwa na hiyo tunataka mwizi wake apatikane, ila apatikane yeye sio jirani yake.

Hiyo boda ndiyo ilituingiza kwenye chuma. Mwizi akiiba pikipiki anasaga namba za chesisi kwa tupa mpaka chuma kinakuwa laini. Lakini namba ilipogongwa kiwandani nyundo haikuchora juu tu, ilikandamiza chuma cha chini, na chuma kilichokandamizwa hakiliwi na asidi sawa na jirani yake. Ukisugua na msasa mpaka king'ae kisha ukapitisha asidi taratibu na pamba, namba inarudi, hafifu, kama mtu anayeonekana kwenye ukungu, na lazima upige picha haraka kabla haijafifia. Aliyesaga kwa kina sana ndiye hatumpati. Tulipojaribu mara ya kwanza kila mtu alisoma namba vizuri na tukafurahi, patroni akatuuliza, mlikuwa mnaijua kabla? Ndio tulikuwa tunaijua, tuliigonga wenyewe. Siku iliyofuata akagonga yeye kwa siri na nusu yetu tukasoma 8 mahali palipokuwa na 3. Tangu hapo hakuna anayesoma chochote kwenye klabu hii akiwa amekwisha ambiwa jibu, na tungependa na wale wanaopima ushahidi wa kweli wasiambiwe polisi wanamshuku nani.

Shida zetu ni za kawaida. Maikroskopu tunayo moja na lenzi yake kubwa imeota ukungu, asidi tunagawana na wa kemia, umeme ukikatika alasiri tunaahirisha. Bodi ya shule tunaiomba maikroskopu moja tu nyingine. Kwako mheshimiwa hatuombi pesa. Tunaomba uturuhusu tuje watano watano tukae nyuma ya korti siku ambayo kuna shahidi mtaalamu, kesi zinasikilizwa hadharani tunajua, lakini mwanafunzi mwenye yunifomu akisimama mlangoni anafukuzwa, barua yako itatusaidia. Na kama unaweza kumwomba ofisa anayekusanya ushahidi kwenye matukio aje kutufundisha wanavyofunga na kuandika bahasha ya ushahidi, saa, tarehe, sahihi ya kila aliyeishika, tutashukuru sana, kaka yangu pia amesema siku hiyo atakuja.

Mheshimiwa, mezani mbele yako kuna bamba la chuma. Mwalimu mkuu aliligonga namba jana jioni akiwa peke yake, akalisaga mwenyewe na tupa, na namba ameiandika kwenye karatasi ndani ya bahasha aliyoishika sasa hivi, hata mimi ninayesoma siijui. Tunaomba uisome wewe wa kwanza. Glavu ni zile saizi kubwa, miwani ya kukinga macho iko kando ya pamba, patroni ndiye atakayeshika asidi. Karibu.