Mkanda wa CNC ukikatika tena, usianze na mkanda

"Mlinibadilishia mkanda juzi tu, leo umekatika. Mmeniwekea feki." Ujumbe wa namna hii unatufikia kila mara kutoka kwa wachonga mabango na milango wenye zile CNC ndogo za mezani (mashine za kuchonga zinazoongozwa na kompyuta), na nyuma yake huja wa pili: mkanda wa mita moja una bei gani mpaka bili ifike hapo?

Mkanda ndicho kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye bili hiyo. Unacholipia ni kumtafuta aliyeukata. Mteja anaposema "we weka mkanda tu, mengine achana nayo", tunaweka, lakini tunaandika kwenye risiti kwamba hatukuruhusiwa kukagua. Wengi wa wanaorudi wakilalamika wana risiti ya aina hiyo.

Vipande vya mkanda uliokatika usivitupe, maana jibu liko hapo. Ukiwa umekatikia kwenye kibanio, mwisho wa reli, ujue ulikunjwa vibaya. Mikanda mingi ya GT2, ile ya meno inayotumika kwenye CNC hizi, ina nyuzi za kioo ndani ya mpira. Nyuzi hizo hazivutiki kirahisi, ila kona kali haziiwezi: ukiubana mkunjo kwa koleo kisha ukakaza kwa kamba ya plastiki ya kufungia nyaya, nyingine zimeshavunjika kabla hujawasha mashine. Ukingo mmoja ukiwa umechanika na kutoa manyoya, mkanda unasugua ukuta wa puli, lile gurudumu la meno kwenye mota. Puli na roli (gurudumu linalougeuza mkanda) haziko kwenye mstari mmoja. Meno yakiwa yamenyofoka sehemu moja tu, mashine ilikwama na mota ikaendelea kuvuta. Nyufa za kukata upana mgongoni maana yake mpira umezeeka, au roli imeganda na mkanda unaburuzwa juu yake.

Hili la roli ndilo linalosahaulika zaidi. Viberingi vyake ni vidogo, na kwa karakana za kando ya Ziwa Victoria, huko Kirumba au Igombe jijini Mwanza, unyevu na vumbi la MDF (mbao za unga wa mti uliogandamizwa) havivipi nafasi. Vumbi hilo likishika unyevu linagandamana pia kwenye mifereji ya puli. Mkanda unapanda juu ya uchafu, unakazika kupita kiasi kila puli inapozunguka, na vipimo vya kazi vinaanza kupotea kabla haujakatika. Zima umeme, legeza mkanda, zungusha kila roli kwa kidole. Ikikwaruza, badilisha beringi. Usiipulizie oili, kwa sababu oili itadondokea mkanda na kuulainisha mpira. Mifereji ya puli isafishe kwa mswaki mkavu.

Mkanda ukiwa bado umefunguliwa, sukuma kwa mkono daraja linalobeba ruta (mota inayozungusha biti ya kukatia) kutoka mwanzo hadi mwisho wa reli. Likigoma mahali, magurudumu yamekazwa mno au reli ina kidonda. Kila gurudumu lizungushike kwa kidole kwa kulazimisha kidogo tu. Ilikuja mashine kutoka Sengerema ambayo fundi wa kwanza alikuwa ameibadilishia mota akaweka yenye nguvu zaidi kwa sababu "ya zamani ilikuwa dhaifu". Tatizo lilikuwa magurudumu mawili yaliyobanwa mpaka hayazunguki, na mota mpya ikawa inaikata mikanda haraka kuliko ile ya zamani.

Sasa tuje kwenye njia ya mkato inayotuletea kazi nyingi: mkanda wa printa chakavu. Kwa macho ni uleule, meno madogo, upana milimita 6, na unaupata bila kulipa bei ya dukani. Lakini mikanda mingi ya printa ina hatua ya milimita 2.032 kati ya jino na jino, na GT2 ya CNC hizi ni milimita 2 kamili. Kwenye puli ya meno 20, ambapo karibu meno 10 yanashika kwa wakati mmoja, tofauti inafika milimita 0.32. Mkanda haukai, unapanda. Mzigo wote unabebwa na meno mawili matatu ya pembeni, nayo yananyofoka, na umbo la meno yenyewe halifanani. Chukua rula uhesabu hatua 50: GT2 itakupa milimita 100, ule wa printa 101.6. Pima hivyo hata mkanda ulionunua dukani, maana wauzaji nao huchanganya.

Kuunga kwa supa gluu hatutalizungumzia sana. Kiungo kinakuwa kigumu, kinapasuka mara ya kwanza kinapopita kwenye puli, na safari hii kinapasukia katikati ya mbao ya mninga.

Wapo wanaodai mkanda wenye waya wa chuma ndani wakiamini haukatiki. Kwenye puli kubwa ni sawa. Kwenye puli ya meno 20, yenye kipenyo kisichofika milimita 13, waya unakunjwa na kunyooshwa mpaka unachoka, na ncha zake zinatoboa mpira.

Upande wa Y, yaani daraja linapokwenda mbele na nyuma, una mikanda miwili. Ukikatika mmoja, tunabadilisha yote miwili, na hapa ndipo wateja huona wanaibiwa. Mpya na uliochoka havivuti sawa. Daraja linakaa mshazari na mkanda uliokazika zaidi unabeba mzigo wa wote. Kusawazisha tunatumia mizani ya ndoano, ile ya kupimia samaki: daraja likiwa mwisho wa reli, vuta mkanda katikati mpaka unyanyuke sentimita 2, soma namba, kisha upande wa pili usome hiyohiyo. Kukaza mpaka mkanda ulie kama waya wa gitaa kunaua beringi za mota.

Na biti isizamishwe ovyo. Kwa mninga na biti ya milimita 3.175, milimita 1 hadi 1.5 kwa pasi inatosha. Kuna anayeshusha 5 ili awahi oda, halafu lawama ni ya mkanda.

Baada ya kufunga tunapima. Mota ya hatua 200 kwa mzunguko, kila hatua ikigawanywa mara 16, na puli ya meno 20 vinatoa hatua 80 kwa milimita. Tukiiamuru mashine iende milimita 300 ikaenda 298.5, namba mpya ni 80 mara 300 gawa kwa 298.5, yaani 80.40. Mikato hiyo ya majaribio na mbao zake vimo ndani ya bili.

Unapoleta mashine, njoo na vipande vyote vya mkanda, puli ikiwa bado kwenye mota, na biti uliyokuwa ukitumia. Kama inatumia GRBL (programu inayoiendesha mashine), andika $$ kwanza ili ikuonyeshe mipangilio yake, nakili namba zote uje nazo.