Barua ya Wazi kwa Mgeni Rasmi Aliyesema Historia Haijengi Daraja

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Nimekaa na kalamu tangu asubuhi nikijiuliza nianze na salamu gani. Kwa umri, wewe ndiye wa kuniamkia. Kwa cheo, mimi ndiye wa kusimama ukipita. Basi tuyaache hayo, pokea salamu za mzee aliyekaa safu ya nne chini ya turubai siku ya mahafali ya kidato cha nne, yule aliyekuwa anajipepea na ratiba ya shughuli. Mjukuu wangu alikuwa anahitimu. Nilivaa koti, ndiyo maana nilikuwa najipepea.

Hotuba yako ilikuwa nzuri na pilau ilikuwa nzuri zaidi. Nina neno na sehemu moja tu. Ulisema, na vipaza sauti vikapeleka mpaka mnadani, kwamba watoto wasipoteze muda na historia kwa sababu "historia haijengi daraja". Ukasema dunia ya leo ni ya sayansi, na kwamba ungekuwa na uwezo ungepunguza vipindi vya historia ukaongeza vya hesabu. Watu wakapiga makofi. Na mimi nilipiga. Nimezoea kupiga makofi kwanza, kufikiri nafikiri njiani nikirudi nyumbani.

Njiani ndipo nikakumbuka ulivyoanza. Kwa robo saa nzima ulitusimulia ulivyokwenda shule peku, ulivyosomea koroboi, mama yako alivyouza kuku wake wote upate nauli ya kuanza kidato cha kwanza. Kina mama walifuta machozi kwa kanga. Sasa hiyo ilikuwa nini, Mheshimiwa? Fizikia? Kabla yako mshereheshaji alisoma wasifu wako, ulipozaliwa, ulikosoma na vyeo ulivyopitia. Kabla ya hapo wahitimu walisoma risala: shule yetu ilianza na madarasa mawili na walimu watatu. Sherehe yote ilikuwa kipindi cha historia kuanzia saa nne mpaka saa nane, na wewe ukasimama katikati yake kukifuta kwenye ratiba.

Mimi si mwalimu. Nimekuwa fundi wa magari kwa miaka 41, na kucha zangu bado zina ushahidi. Nakuandikia kama fundi.

Gari linalochemsha likiingia gereji, kijana anayejifunza hukimbilia spana. Fundi aliyekwisha kuungua mikono hukaa kwanza juu ya ndoo akamwuliza dereva: limeanza lini? Lilitoka kwa nani kabla ya kuja kwangu? Alifungua nini? Niliwahi kuletewa Land Rover iliyokuwa imepita kwa mafundi watatu. Wa kwanza alibadilisha rejeta, wa pili pampu ya maji, wa tatu themostati, na wa tatu huyo aliongeza na maombi. Ikaendelea kuchemsha. Mimi sikugusa kitu. Nilimwuliza dereva tu, akakuna kichwa, akasema mara ya kwanza ilichemsha wiki ileile kijana mmoja alipofungua kichwa cha injini kubadilisha gasketi. Nikafungua. Gasketi ilikuwa imewekwa kinyume, imeziba matundu ya maji. Pesa za rejeta, pampu na themostati zilikuwa zimekwenda kwa kukosa swali moja ambalo halihitaji hata spana. Daktari naye akikupokea huanza hivyohivyo: umeanza kuumwa lini, umewahi kulazwa, kuna mtu kwenu ana sukari? Hiyo ndiyo historia ninayoitetea.

Sasa nikupeleke Kongwa, hapahapa mkoani Dodoma, maana hapo ndipo nilipopata kichwa kigumu cha kubishana na wageni rasmi.

Nyumbani kwangu mlango wa jikoni haufungwi kwa komeo. Unazuiwa na kipande cha chuma chenye uzito wa mtoto wa miezi sita, kimelika upande mmoja mpaka kimekuwa kama ulimi wa ng'ombe. Marehemu baba alikiokota Kongwa mwaka 1949 alipokuwa kibarua kwenye mradi wa karanga. Ni jino la jembe la trekta. Alisema lilikuwa jipya siku ya Jumatatu. Wiki ipi hakusema, na baba alikuwa na mkono wa kutia chumvi, lakini kwamba udongo wa Kongwa ulikuwa unakula chuma cha Waingereza, hilo si la baba peke yake.

Hadithi yenyewe ni hii. Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha, Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kupikia. Mwaka 1946 mkubwa mmoja wa kampuni ya United Africa, Frank Samuel, alipendekeza karanga zilimwe Tanganyika kwa mashine, eneo kubwa ambalo halijapata kuonekana. Serikali yao ikatuma wataalamu, wakapewa wiki tisa, na sehemu kubwa ya nchi wakaitazama kutoka kwenye ndege. Wakarudi na hesabu zilizonyooka: zaidi ya ekari milioni 3 ndani ya miaka 6, Kongwa, Urambo na Nachingwea, kwa pauni takriban milioni 25. Zingatia, Mheshimiwa, kwamba hapo hesabu haikupungua hata kipindi kimoja.

Kongwa waliipenda kwa sababu ilikuwa na watu wachache. Nchi pana, tupu, hakuna wa kuhamisha. Waliona bahati. Hakuna aliyeuliza kwa nini ni tupu.

Na wa kuwajibu walikuwepo. Ugogo, nchi ya Wagogo ambamo Kongwa imo, watu huzitaja njaa kwa majina, kama vile wewe unavyowataja wajomba zako. Kuna iliyoitwa Mtunya, ya miaka ya 1917 hadi 1920. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia majeshi ya Wajerumani yalichukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo, ya Waingereza yakaja yakachukua kilichobaki, halafu mvua nayo ikakataa. Watu walikufa na wengine wakatawanyika. Mwaka 1947 Mgogo yeyote wa miaka arobaini alikuwa ameiona Mtunya kwa macho yake. Angewaambia kwa nini hapa tunalima uwele na mtama, kwa nini tunafuga, na kwa nini mtu mwenye akili hategemei zao linalotaka mvua ije kwa ratiba. Cha ajabu zaidi, Waingereza walikuwa wenyewe ndio wameshika nchi wakati njaa ile inamaliza kazi yake. Ilikuwa historia yao pia. Hawakwenda kuiomba msaada.

Basi wakaja. Matrekta mapya yalipokosekana, wakanunua makuukuu ya jeshi. Yalipokuwa hayatoshi, vifaru vya vita, Sherman, vikavuliwa mizinga vikageuzwa matrekta. Kama fundi naomba ninyamaze kidogo hapa kwa heshima. Vichaka vilipogoma kung'oka, wakafunga mnyororo wa nanga ya meli kati ya matrekta mawili na kuukokota porini, kilomita mamia kutoka baharini. Mibuyu ilikuwa na nyuki, na nyuki hawakuwa wamesoma mpango kazi. Baba alisema alimwona dereva mmoja wa kizungu akiruka kutoka kwenye trekta linalotembea na kukimbia kuelekea Mpwapwa, trekta nalo likaendelea na kazi peke yake, tena bila kupinda. Hapo ndipo nilipokuambia kuhusu chumvi.

Mvua zilipokatika, udongo wa mfinyanzi ukakauka kama sakafu ya saruji. Karanga, kama ajuavyo mama yeyote mwenye bustani, huzaa chini ya ardhi. Kuzitoa ilikuwa kama kung'oa misumari. Mwaka wa kwanza walipanga ekari 150,000; zilizopandwa hazikufika 10,000. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza imeacha, pauni takriban milioni 36 zimekwenda, na karanga zilizovunwa ni chache kuliko mbegu zilizonunuliwa. Yaani wangekaa London wakala zile mbegu, wangeshiba zaidi.

Bandari ya Mtwara ilijengwa kwa ajili ya karanga zile, na ile angalau ipo. Reli ya kwenda Nachingwea iling'olewa miaka ya 1960. Kongwa pakawa ranchi ya ng'ombe, jambo ambalo Wagogo wangependekeza bure. Na kuanzia 1964 pakawa na kambi ya wapigania uhuru wa Msumbiji, Afrika Kusini, Namibia na Angola. Samora Machel alikaa hapo kabla hajawa rais wa mtu yeyote. Kwa hiyo karanga zilishindikana, lakini uhuru ulizaa. Mjukuu wangu amezaliwa mkoa huu, amesoma miaka minne ya sekondari, na jambo hili alilisikia kwangu, siku aliponiuliza kwa nini mlango wa jikoni unazuiwa na chuma.

Hapo nakiri, na nadhani ndipo wewe na mimi tunapoweza kupatana. Historia wanavyosomeshwa watoto wengine inachosha hata kuta. Nilichungulia daftari lake. "Taja sababu sita za wakoloni kuja Afrika." Kwa nini sita? Walikutana wakakubaliana waje na sita? Anazikariri usiku, anazitapika kwenye mtihani, kesho yake hazipo. Mwenzake mmoja aliulizwa Mkutano wa Berlin ulifanyika wapi, akajibu Dar es Salaam, ukumbi wa Diamond Jubilee. Nilicheka, kisha nikamhurumia, maana kwake mkutano ni ukumbi, viti vya plastiki na maji ya chupa. Hakuna aliyemwambia kwamba mistari iliyoanza kupangwa Berlin mwaka 1884 na 1885 ndiyo inayomfanya shangazi yake wa Tunduma avuke barabara na kujikuta yuko Zambia. Kama hotuba yako ingesema historia ifundishwe vizuri au iachwe, ningesimama juu ya kiti.

Turudi kwenye daraja.

Unakumbuka ulipokwenda kukagua, walikuonyesha vyoo vipya vya shule, matundu sita, vina rangi ya bluu? Hawakukuonyesha vya kwanza, kwa sababu havipo. Vilijengwa miaka michache iliyopita kule chini, karibu na mwembe. Mahali pale wazee tunapaita Njia ya Maji. Hatukupaita hivyo kwa kupenda mashairi. Bibi mmoja jirani alikwenda na fimbo yake akamwambia msimamizi wa ujenzi kwamba mwaka wa zile mvua za El Niño, 1997 kuingia 1998, korongo lile lilishuka na ng'ombe wazima. Kijana akamjibu kwa adabu, "Bibi, hizo ni historia." Pakajengwa. Mvua ya Januari iliyofuata ikaja usiku. Asubuhi tundu la kwanza mpaka la nne yalikuwa yamesafiri, la tano lilikuwa limelala chali, na la sita lilibaki limesimama peke yake katikati ya maji, mlango umefungwa kwa ndani. Hadi leo hatujui na nani.

Mhandisi wa daraja, Mheshimiwa, kabla hajachora mstari huuliza mto huu ulipojaa kuliko siku zote ulifika wapi. Anatafuta vipimo vya miaka ya nyuma. Asipovipata, mhandisi mzuri huenda kwa mzee wa kando ya mto, na mzee humwonyesha alama kwenye shina la mti. Hesabu zake zote zinasimama juu ya alama ile. Kwa hiyo ni kweli historia haibebi saruji. Inasema tu nguzo ziwe ndefu kiasi gani.

Ombi langu ni dogo, halihitaji fungu. Usipunguze vile vipindi. Kimoja kwa wiki watoto watoke nje na daftari, wawaulize wazee majina ya njaa, majina ya makorongo, nani alihamia lini na kwa nini. Mtaala mpya umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, kwa hiyo hata kisingizio cha kutoka darasani wanacho. Wenzangu tupo, tunashinda kwenye bao, na wengi wetu tunasema zaidi ya tunavyoulizwa. Ila ufanye haraka kidogo. Yule bibi wa fimbo tulimzika mwezi wa tano.

Na wewe karibu nyumbani siku yoyote. Nitakuonyesha jino la jembe, utalinyanyua mwenyewe, na mama watoto atapika ugali wa uwele na mlenda. Karanga zipo pia, za kutafuna, tunazinunua. Ukija na gari, dereva asifuate ile njia mpya ya chini hata kama simu inamwambia ni fupi. Apite juu, kwenye kilima, hasa kama mbingu za Mpwapwa zimefanya giza.

Wako mtiifu,
Babu wa mhitimu, fundi mstaafu, safu ya nne