Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Marekani: HIPAA isiwe kisingizio cha kuficha takwimu za rangi na asili

Mheshimiwa Waziri,

Tunaomba uziandikie idara za afya za majimbo mwongozo unaosema bayana kwamba HIPAA, sheria ya Marekani inayolinda faragha ya taarifa za afya za wagonjwa, haikatazi kukusanya wala kupeana takwimu za afya zinazoonyesha rangi na asili ya wagonjwa. Jibu la "HIPAA hairuhusu", ambalo waombaji wa takwimu hizo hupewa, halina mashiko.

Kanuni ya Faragha ya HIPAA inaorodhesha vitambulisho 18 vya kuondoa ili rekodi isimtambulishe mtu. Rangi na asili havimo. Msimbo wa posta hubakizwa tarakimu 3 za mwanzo, tena kama eneo lake lina zaidi ya watu 20,000. Mtafiti akihitaji tarehe kamili au msimbo wote, anaweza kupewa seti ya data yenye mipaka, isiyo na majina wala anwani za nyumba, baada ya kutia saini mkataba wa matumizi. Mamlaka ya afya ya umma iliyopewa kisheria kazi ya kuzuia magonjwa inaruhusiwa na kifungu 164.512(b) cha kanuni hiyo kupokea hata rekodi zenye majina bila idhini ya mgonjwa.

Tangu 2010 sheria inavihesabu vituo vya epidemiolojia (vinavyofuatilia kuenea kwa magonjwa) vya makabila ya Wenyeji wa Marekani kuwa mamlaka ya aina hiyo. Lakini mwaka 2022 ofisi ya ukaguzi ya Bunge, GAO, ilieleza kuwa wizara haikuwa na sera za kuthibitisha haki ya vituo hivyo ya kupata takwimu za wizara. Hilo linatusikitisha sana, kwa kuwa Wenyeji hao ndio mara nyingi huandikwa Wazungu kwenye vyeti vya kifo, na vifo vyao vikaonekana vichache kuliko vilivyo.

Hatari ya faragha ipo, na inakaa kwenye idadi ndogo, ambapo mtu anaweza kutambulika. Tuseme kaunti ina wagonjwa 40, kundi moja lina 2, na ofisi inaficha hiyo 2 huku ikichapisha jumla na makundi mengine yote. Msomaji atatoa 38 kwenye 40, siri imekwisha. Lazima kundi la pili nalo lifichwe, au jumla. Afadhali zaidi kuunganisha miaka kadhaa au kaunti jirani hadi idadi ifike kiwango cha kuchapishwa. Kuwatupa watu kwenye "wengineo" kunawafuta kabisa.

Mwongozo usiishie kwenye HIPAA. Takwimu zikishafika idara ya jimbo, mara nyingi zinatawaliwa na sheria za jimbo, pamoja na ile ya kupata nyaraka za umma. Mwaka 2006 Mahakama ya Juu ya jimbo la Illinois iliamuru gazeti lipewe data za saratani kwa aina ya ugonjwa, tarehe na msimbo wa posta, ingawa mtaalamu alikuwa ameonyesha kortini kwamba anaweza kuwatambua wagonjwa.

Mkataba wa matumizi nao utaje kazi inayoruhusiwa, si neno "utafiti" tupu. Watu wa kabila la Havasupai, Wenyeji wa jimbo la Arizona, walitoa damu wakijua ni kwa ajili ya kisukari. Ikatumika kwa mengine, na kesi ikamalizika kwa maridhiano mwaka 2010. Kundi zima linaweza kuumizwa hata kama hakuna jina lililovuja.

Ukusanyaji uanzie kwa mgonjwa, aulizwe mwenyewe. Mwaka 2020 wizara ilizitaka maabara ziripoti rangi na asili ya waliopimwa korona, lakini maabara haimwoni mgonjwa. Fomu ya kliniki ikija bila sehemu hiyo, maabara haina cha kuripoti. Kwa hiyo agizo liibane fomu ya kuagiza kipimo, na "hakujibu" itenganishwe na "hakuulizwa". Viwango vya serikali vya kurekodi rangi na asili, vilivyorekebishwa Machi 2024, vinataka pia maelezo ya ndani zaidi, hivyo Msomali na Mhaiti wasifungwe pamoja chini ya "Mweusi" bila zaidi. Makundi yakigawanywa hivyo, idadi ndogo zitaongezeka, kwa hiyo kanuni za kuficha zitoke pamoja na fomu mpya, si baadaye.